Jina la Mgonjwa

Nilimwita Sijali mwaka ule wa talaka,
nipate neno la kupaza uani jioni,
majirani wasikie, naye aliyeniacha asikie:
Sijali! Sijali! Njoo ule.
Mbwa akaja mbio, akala.
Jina likamkaa kuliko lilivyonikaa mimi.

Leo siku ya tatu hagusi ugali wa dagaa.
Kalala ubavu kando ya banda la kuku.
Nguchiro kapita mbele yake mchana kweupe
naye kamtazama tu, kama mlinzi aliyestaafu.
Mkojo wake una rangi ya juisi ya rosela.
Nimemfunua mdomo: ufizi mweupe, chokaa.

Msongola ni Dar es Salaam, ramani inasema.
Lakini ukimuulizia daktari wa mbwa
unatazamwa kama umeuliza bei ya theluji.

Kijana wa duka la pembejeo hakuinuka kitini.
Kabla sijafika kwenye habari ya mkojo
keshavuta chupa ya sindano ya ng'ombe.
"Mpige sisi tano."
"Hujauliza hata uzito."
"Mama. Mbwa tu."

Bwana Mhagama, afisa mifugo wa kata,
alikuja na pikipiki isiyo na taa,
akachuchumaa, akapapasa tumbo, akanyamaza.
Kisha akatamka neno ambalo sijawahi kulisikia
kwa mtu mwenye cheo:
"Hapa mimi nitabahatisha.
Huyu damu yake inataka darubini."
Akaandika nyuma ya karatasi ya chanjo ya kideri:
Daktari Nshoma, Tabata.
"Usipige simu. Nenda."

Bodaboda wanne walikataa.
Wa tano, Shomvi, alilitazama gunia muda mrefu.
"Mate yake yakinigusa
nitaosha mara saba, moja kwa udongo.
Na udongo Msongola haujaisha. Mpakie."

Vumbi mpaka Chanika, halafu lami.
Nilihesabu pumzi zake kwa matuta ya barabara.
Ndani ya kanga, elfu tisini:
kuku tisa, wale wale aliowalinda,
nimewauza alfajiri kwa bei ya mwenye haraka.

Chumba kimoja, nyuma ya duka la rangi.
Binti akafungua daftari.
"Jina la mgonjwa?"
"Sijali."
Akaweka kalamu chini.
"Dada, mimi nimekuuliza vizuri."

Hapo ndipo nilipolia,
miaka sita baada ya siku niliyopaswa kulia,
nikirudia Sijali, Sijali, kamasi zinanitoka,
na ndani ya gunia mkia ukapiga sakafu.
Mara moja.

Daktari Nshoma alikunja kope za mbwa,
akasikiliza moyo huku kafumba macho yake mwenyewe.
Aliuliza kupe. Aliuliza tangu lini, anakunywa wapi.
Akainamia darubini mpaka chai yake ikafanya utando.
"Homa ya kupe. Imemla damu.
Sikudanganyi, naweza kumkosa.
Niachie usiku huu."
Akahesabu elfu tisini, akanirudishia thelathini.
"Za kuja kumchukua," alisema,
na hakusema akiwa vipi.

Usiku nilikaa na tochi mlangoni mwa banda
nikiwalinda kuku wanne waliosalia.
Kilichonishinda ni kubweka tu.
Mnyororo nimeushika, sijui kwa nini, mpaka ukapata joto.

Alfajiri simu ikatetemeka. Maneno matatu:
Sijali kanywa maji.

Shomvi, aliyepita eti kuulizia nauli,
akasoma juu ya bega langu.
"Nani hajali?"
Kisha akaelewa. Akavua kofia, akaivaa tena.
"Maji," alisema. "Maji ni kitu."
Akawasha pikipiki, nauli hakuitaja.